Taa Ishirini Kwenye Ubao wa Kitanda

Mwaka wa 1976, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alikufa na nyumba yetu ya mtaa wa Ziwani ikaenda naye. Nyumba ilikuwa ya kazi yake. Mwenye kazi akiondoka, watu wake hupewa muda wa kufunga virago, na muda wenyewe si mrefu. Mama alijitwika sufuria, mimi nikabeba redio ya baba, tukaenda kuishi Dandora katika chumba ambacho paa lake lilikuwa bado linatafutiwa mabati. Shule niliachia darasa la tano. Sikuiacha kwa hasira. Iliniacha yenyewe.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaopita mbele ya kibanda changu hapa Mowlem mkiniita "mzee wa maredio" kana kwamba ni ugonjwa. Nimestaafu sasa, macho hayaoni tena miguu ya transista. Lakini kuna jambo najua ambalo nyinyi na simu zenu hamlijui: vitu vikiunganishwa vingi pamoja, tabia yao haitoki kwa vitu vyenyewe. Inatoka kwa nguvu ya waya zilizo katikati. Hilo nilifundishwa na mwanamke ambaye kwa muda mrefu nilikuwa na hakika ni mwizi.

Ngojeni kwanza niwaambie nilivyolelewa kazini, mjue kwa nini nilimdhania hivyo.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Gitau, fundi wa redio kule Dandora. Nilimpelekea ile redio ya baba, sina kitu mfukoni, akaniambia nifagie kibanda. Nilifagia kile kibanda miaka kadhaa. Gitau hakuwa mtu wa maneno mengi. Neno lake kubwa lilikuwa "pima." Waya unaoonekana mzima, pima. Mteja akisema redio ilizimika yenyewe tu, jua imeanguka kutoka juu ya kabati, tafuta pembe iliyobonyea. Transista ukinunua, ipime mbele ya muuzaji kabla hajaingiza mkono mfukoni, kwa sababu ukigeuka tu, duka linakuwa si lile tena.

Alikuwa na tabia ya kukwangua maandishi kwenye transista za amplifaya zake ili fundi mwingine akiifungua asijue ni namba gani, asinakili. Siku moja amplifaya yake mwenyewe ilirudi imeungua. Akaifungua, akazigeuza moja moja zile transista zilizokwanguliwa. Nikamuuliza ni namba gani. Akaniambia nikachote maji.

Lakini Gitau ndiye aliyenionyesha kitu cha maana kuliko vyote, na ilikuwa kanisani. Kanisa moja la mabati kule Dandora spika zao zilikuwa zikipiga yowe kila mhubiri akishika maikrofoni. Watu walikuwa wameshaanza kufunga na kukemea mapepo. Gitau alisimama mlangoni akasikiliza, akaniambia: tazama, maikrofoni inasikia spika, inaipa amplifaya, amplifaya inaipa spika, spika inairudishia maikrofoni. Ni mduara. Voliumu ikiwa chini, kila mzunguko sauti inapungua kidogo mpaka inakufa. Ikiwa juu, kila mzunguko inaongezeka kidogo mpaka kanisa linapiga yowe, na hakuna mtu aliyeongea. Akaenda akashusha voliumu kidogo sana, upana wa ukucha. Yowe likaisha. Mashine ile ile, spika zile zile, waya zile zile. Mhubiri alimshukuru Mungu. Sisi hakutushukuru.

Wekeni hiyo akilini. Ukiielewa hiyo, umeshaelewa nusu ya yale ambayo Daktari Muthoni alikuja kuniambia miaka mingi baadaye, wakati mimi tayari nina kibanda changu na mvi zangu.

Alikuja asubuhi, mwanamke mrefu mwenye viatu visivyoogopa matope, akiwa na karatasi iliyokunjwa. Akasema ameambiwa mimi ndiye fundi asiyedanganya. Mtu akianza kwa kukusifu, shika mfuko. Nikamuuliza ameambiwa na nani. Akanyoosha kidole kwa jirani yangu Opiyo, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye alikuwa ametengeneza madirisha ya kliniki ya hapa mtaani. Opiyo akapunga mkono. Nikamwona Opiyo naye yumo katika njama.

Karatasi ilikuwa na mchoro. Vidude ishirini, na waya kutoka kila kimoja kwenda kwa vingine, fujo kama uzi uliochezewa na paka.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ni mfano wa ubongo, Mzee. Kipande kidogo."

"Ubongo wa nani?"

"Wa mtu yeyote."

"Basi si wangu. Wangu sijampa mtu."

Alicheka. Mwizi naye hucheka, sikumhesabia hilo. Akaeleza kwamba anafundisha chuo kikuu, kazi yake ni kusoma jinsi seli za ubongo zinavyosukumana, na kwamba daktari wa kliniki yetu amemwomba kitu cha kuwaonyesha wazazi wenye watoto wa kifafa. Wazazi wengi, akasema, hawaamini maneno. Wanataka kuona. Alikuwa ametengeneza mfano kama huo ndani ya kompyuta, lakini wazazi walitazama skrini wakasema ni katuni.

Mimi sikuamini hata sentensi moja. Wakati huo polisi walikuwa wakizunguka mitaani wakikamata zile mashine za kamari zinazowaka taa, na mimi nikaona mama huyu anataka nimtengenezee ya kwake iitwe ubongo. Au anataka kujua ninavyounganisha amplifaya. Nikampa masharti: vipuri nitanunua mwenyewe, ubao hautoki kibandani mpaka umalizike, na akija atakaa kwenye ile benchi ya mbele ambapo naona mikono yake yote miwili. Akakubali yote. Mtu akikubali masharti yote kwa mpigo, mimi humwongezea lingine. Nikasema sitafunga waya wowote kabla hajanieleza ni wa nini. Akakubali hilo pia, na hivyo ndivyo nilivyopata shule ambayo Ziwani ilininyima.

Seli moja ilikuwa hivi. Kuna kapasita, na stima inaingia ndani yake taratibu, kama mtungi chini ya mfereji unaodondoka. Ikifika ukingoni, transista inafunguka, mtungi unamwagika wote kwa mara moja, taa inawaka kufumba na kufumbua, kisha unaanza tena kujaa. Hiyo ni seli peke yake, na ni kitu cha kipumbavu kabisa. Haijui chochote ila kujaa na kumwagika. Lakini ikimwagika, inatupa matone kwenye mitungi ya wenzake. Matone mangapi? Hapo ndipo panapokaa voliumu. Kila waya kati ya seli mbili ulikuwa na voliumu yake. Ukiifungua, seli hii inamsukuma yule kwa nguvu. Ukiifunga, anasikia kwa mbali tu.

Seli kumi na sita zilikuwa za kusukuma, nikaziwekea taa nyekundu. Nne zilikuwa kinyume: zikiwaka, zinanyonya maji kutoka mitungi ya wenzake, wasifike ukingoni haraka. Hizo nikazipa taa za kijani. Na nguvu ya zile nne zote iliongozwa na voliumu moja kubwa pembeni, ambayo mimi niliiita breki: ukiifungua inashika, ukiifunga inaachia.

Ubao wenyewe ulikuwa wa kichwani mwa kitanda, mbao nzuri ngumu, kitanda chenyewe kilikuwa kimekufa miguu. Maandishi yake ya kizungu niliyakataa. Kila taa niliipa jina la mtaa kwa rangi nyeupe: Ziwani, Dandora, Mowlem, Umoja, Kariobangi, hivyo hivyo mpaka ishirini. Daktari alikuja akasoma, akauliza kwa nini Ziwani iko pembeni. Nikamwambia waulize waliotutoa.

Tuligombana juu ya stima tu. Yeye alitaka betri kubwa, kwa sababu stima ya mtaa inayumba. Mimi betri za kuuziwa barabarani siziamini. Zinafunguliwa, zinatiwa maji, zinapakwa rangi, unauziwa maiti. Nikatumia transfoma yangu niliyoizungusha kwa mkono. Akasema, "Sawa, Mzee, lakini itapigwa na kila mtetemo wa laini ya stima." Nikasema transfoma yangu haijapigwa na mtu. Hilo mlikumbuke pia.

Siku ya kwanza kuuwasha, voliumu zote zilikuwa chini. Nikagusa Mowlem kwa ncha ya waya kuisukuma. Ikawaka. Umoja ikajibu kidogo. Kisha giza. Nikagusa tena, ikawaka, giza. Nikasema moyoni, huyu mama ametupotezea wakati. Akaniambia nipandishe voliumu zote mpaka mwisho na breki niifunge. Nikapandisha, nikagusa Mowlem mara moja. Ubao wote ukalipuka: taa zote nyekundu pamoja, giza pamoja, taa pamoja, giza pamoja, dap, dap, dap, bila kuacha. Nikaondoa mkono. Haikujali. Lilikuwa lile yowe la kanisani, lakini la taa. Daktari hakufurahia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu anapoanguka kifafa, kitu cha namna hiyo ndicho kinachotokea ndani: seli nyingi mno zinapiga kelele kwa pamoja, na katikati ya kelele hiyo hakuna nafasi ya fikira wala ya kushika kijiko.

Kisha akaweka voliumu katikati, akafungua breki kiasi. Hapo, vijana, nilitafuta kiti. Taa zilianza kutembea. Dandora inawaka, inaamsha Kariobangi, inapita Umoja, inanyamazishwa na ya kijani, inatokea Ziwani mahali ambapo sikuitarajia. Hairudii njia. Ilikuwa kama kutazama mtaa asubuhi, huyu anatoka, yule anaingia, hakuna anayeongoza lakini si fujo. Nikageuza ubao kuangalia kama ameficha kidude nyuma. Mimi ndiye niliyeufunga kila waya, na bado niliangalia. Hakukuwa na kitu.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba ukiigusa voliumu moja tu, ile kati ya Dandora na Kariobangi, tabia inabadilika kule Ziwani, upande mwingine kabisa. Nilikuwa nimezoea redio: kikiharibika kitu hapa, unatafuta hapa. Huku huwezi kusema tabia inakaa wapi. Nilimwuliza. Akasema, "Haikai kwenye taa, Mzee. Inakaa kwenye jinsi voliumu zote zilivyopangwa kwa pamoja."

Nikamuuliza kichwani mwa mtu nani anayezizungusha hizo voliumu. Akasema zinajizungusha zenyewe kwa kutumika. Seli moja ikizoea kumsukuma mwenzake mpaka naye anawaka, waya wao unanenepa kidogo kila mara. Usipotumika, unakonda. Nikafikiri juu ya Gitau na "pima" yake, na miaka yote niliyoshuku kila mtu aliyeingia na redio. Nikaona waya wangu wa shaka lazima umenenepa kama mpira wa kunyweshea bustani. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia yanawezekana.

Sasa Opiyo. Huyu ni jirani yangu wa miaka mingi, mtu wa Siaya, fundi mzuri, kichwa kigumu kuliko chuma anachokata. Ana binti anaitwa Akoth, ambaye wakati huo alikuwa ametimiza miaka kumi na minane na alikuwa akijifunza ushonaji kwa mama mmoja mwenye duka la cherehani Dandora. Akoth alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kliniki ilimpa tembe, akatulia. Kabla hajatulia aliwahi kuanguka mara moja pale dukani, mkono ukiwa karibu na pasi, na yule mama akasema bila ubaya kwamba ikitokea tena hatamweka, maana cherehani zake ni za stima na sindano haijui kusimama. Akoth hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda wala aliyoiweza vile.

Opiyo akamwachisha zile tembe. Hajaanguka tangu mvua za masika, akasema, za nini tena? Nilimsikia akilieleza hilo kwa sauti, akiwa amesimama kati ya vibanda vyetu, akiniita omera, yaani ndugu kwa lugha ya kwao. "Omera, nikitengeneza geti likafunga vizuri, nitaendelea kulichomelea kila siku? Hao wa hospitali ni kama nyinyi mafundi wa redio. Wanataka urudi." Na hospitali mimi nawaza juu yao vile vile.

Wiki hiyo hiyo Akoth alikuja kibandani kwangu na suruali yangu niliyompa aipunguze kiuno. Akaniuliza polepole kama nasikia harufu ya mpira unaoungua.

Nikanusa. Hakukuwa na kitu. Opiyo alikuwa hata hajawasha mashine.

"Mimi naisikia, Mzee," akasema. "Zamani nikiisikia hivi, ndiyo nilikuwa naanguka. Nikimwambia Baba, anasema ni moshi wa kuchomelea umeniingia kichwani."

"Na leo hajachomelea."

"Leo hajachomelea. Mwambie wewe. Mimi akinisikiliza, anasikiliza mtoto."

Nikamwita Opiyo aje aone ubao, Daktari akiwepo. Alikuja akifuta mikono, akatazama zile taa zikitembea, akazunguka nyuma, akainama chini ya meza. Mnawajua wale jamaa wa pata potea wanaopanga karata stendi? Opiyo aliwahi kuliwa na wale, na hajasahau. Akasema atatazama, lakini kwa masharti yake. Nilimwelewa kabisa. Mimi niweke mikono kichwani kama niliyekamatwa na polisi. Daktari avuke barabara asimame kwa mama mboga. Daktari hakukasirika. Alimwambia tu, "Baba Akoth, huu ni mfano, si kichwa cha Akoth. Dawa ni ya daktari wa kliniki kusema, si mimi." Kisha akavuka, akaanza kuchagua sukuma wiki.

Mimi nikiwa na mikono juu ya kofia, nikamweleza. Hizi voliumu za kusukuma nimezipandisha, kama kichwa kilichozaliwa na waya nene kupita kiasi. Hii kubwa ya pembeni ni breki, na zile tembe zinafanya kazi ya breki. Akaifungua mwenyewe mpaka mwisho. Taa zikatembea kwa utulivu. Akaridhika na hilo. Kisha akafanya nilichojua atafanya. Akaanza kuifunga breki, kidogo, akitazama. Taa zikaendelea kutembea. Akafunga zaidi. Zikaendelea, labda kwa haraka kidogo. Akaifunga yote.

Hakuna kilichotokea. Dandora, Umoja, Ziwani, taratibu kama kawaida.

Opiyo akanigeukia. "Unaona? Breki imeondoka na kimetulia. Kilishapona. Shusha mikono, Omera, usije ukapata kizunguzungu."

Nakiri nilimtazama Daktari kule ng'ambo kwa jicho baya. Nikawaza, ametudanganya sote, na mimi nimempa ubao wa kitanda changu. Opiyo akarudi kwake akipiga mluzi. Alikuwa na dirisha la mtu la kumalizia. Akavaa kinyago chake, akainama, akagusisha fimbo ya kuchomelea kwenye chuma.

Mnajua stima ya hapa. Mtu akianza kuchomelea, taa za nyumba nzima zinakonyeza. Transfoma yangu, ile isiyopigwa na mtu, ikapigwa. Mtikiso mdogo tu, kitu ambacho redio isingejali. Na ubao wote ukawaka kwa pamoja. Dap. Giza. Dap. Giza. Taa zote nyekundu, na zile nne za kijani zikiwaka bila nguvu, hazimzuii mtu.

Opiyo aliacha kuchomelea. Ubao haukuacha. Akainua kinyago, akatazama kutoka pale alipokuwa. Akaja mbio.

"Umegusa nini?"

Mikono yangu bado ilikuwa kichwani. Nilikuwa nimesahau kuishusha.

Akamtazama Daktari. Alikuwa ng'ambo, ameshika sukuma, anatutazama.

Opiyo akafungua breki, ubao ukatulia, taa zikarudi kutembea. Akaenda kwake akagusisha fimbo. Ubao ukashtuka, taa chache zikawaka pamoja mara moja, kisha kila moja ikashika njia yake. Akarudi, akafunga breki. Kimya, taratibu, kama kitu kilichopona. Akaenda, akagusisha. Dap, dap, dap. Alifanya hivyo tena na tena, akienda na kurudi, kinyago kikiwa juu ya kichwa, bila kumwamini mtu ila mkono wake mwenyewe. Mwenye dirisha alikuja kulichukua, akaambiwa arudi kesho.

Mwishowe akasimama mbele ya ubao, breki ikiwa imefungwa na taa zikitembea kwa amani. Alikuwa hatazami zilipokuwa zinawaka. Alitazama ule utulivu.

"Kwa hivyo hata sasa," akasema, "kilivyonyamaza hivi, kiko vile vile."

"Kinangoja kusukumwa," nikasema.

"Na ni mimi niliyefunga."

Aliuliza Akoth yuko wapi, nikamwambia yuko dukani, kwenye cherehani. Alivua kinyago akakiacha juu ya meza yangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya kwa sababu hapa kinyago kikiachwa hakionekani tena, akaondoka kwa miguu kuelekea Dandora na ovaroli yake. Alimtoa Akoth dukani kabla ya saa za kufunga, akamwambia yule mama kuna shughuli ya familia, wakaenda moja kwa moja kliniki. Daktari wa kliniki alimkaripia vya kutosha kwa kuzikata tembe ghafla, kisha akamwanzishia upya. Siwadanganyi kwamba yaliisha hapo. Akoth alianguka mara moja tena, lakini nyumbani, juu ya godoro, kabla dawa hazijakaa sawa. Dukani hawakumfukuza.

Daktari Muthoni alipovuka barabara siku hiyo, nilimwambia mpango wake wa betri ungeharibu kila kitu. Alitabasamu. Alisema kwenye kompyuta yake huwa anaweka msukumo mdogo makusudi kuona kama mtandao utashikilia, na kwamba transfoma yangu imefanya kazi hiyo bure. Alilijua hilo tangu mwanzo, alipokuwa akigombana nami? Nimemuuliza mara nyingi. Anasema hapana. Namwamini kiasi, si sana.

Ubao ulipelekwa kliniki. Opiyo aliutengenezea stendi ya chuma bila kuombwa, na akafunga swichi ndogo pembeni ya kuutikisa ubao kwa stima, kwa sababu, alisema, mzazi akiona taa zimetulia tu atakwenda nyumbani na ujinga wake. Wazazi wakija, muuguzi anawaachia waifunge breki wenyewe. Anakaa mbali nao na mikono juu ya meza. Hilo ni sharti la Opiyo, liliandikwa kwa rangi ukutani.

Basi vijana, msije kuniambia kwamba kitu kimepona kwa sababu kimenyamaza. Kisukume kidogo kwanza. Hata mimi mnisukume.

Leo nina ploti moja Dandora, vyumba sita na choo. Nina kibanda hapa Mowlem, mabati mapya upande wa jua. Nina mita mbili za kupimia, moja ya Mzee Gitau. Nina redio ya baba, inashika stesheni tatu. Nina transfoma moja niliyoizungusha kwa mkono. Nina mke, ng'ombe wawili Kakamega, na kinyago kimoja cha kuchomelea ambacho Opiyo hajakirudia mpaka leo, akisema kikae kwangu. Nina shati la kitenge alilonishonea Akoth, mfuko wa kifuani umetosha testa. Nililipeleka mwangani siku aliponipa, nikalipindua nje ndani, nikafuata mshono mmoja baada ya mwingine kwa kidole. Imenyooka yote, hakuna mahali mkono ulipotikisika.